Dole la Mwenye Nyumba

Babu yake ndiye aliyembandika jina la Bi Daftari, na jina likamganda kama gundi kwenye soli. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwenye masikio makubwa kidogo. Tangu alipojua kuunganisha herufi, hakuna kitu kilichopita mbele yake kisiandikwe: gari la taka limepita saa ngapi, mita ya maji imesoma ngapi, mteja gani ameleta kiatu kimoja akasahau kurudi na cha pili. Babu hakuwahi kukanyaga darasa hata siku moja, na jambo hilo halikumnyima raha. Alikuwa akiwaambia wateja, "Mimi nashona, huyu anaandika. Iko siku ataandika mpaka kikohozi changu."

Waliishi watatu katika nyumba ya vyumba vitatu, ya nne kutoka kona. Babu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Soli, alizaliwa ndani ya nyumba ile. Mwanawe wa pekee, baba yake Bi Daftari, alizaliwa humo humo na akafia humo kwa homa ya mapafu, binti akiwa na miaka minne. Mama hakurudi kwao. Alibaki na mkwewe, akimwita baba na kumheshimu kama baba, na kila alfajiri alikwenda kufua mashuka katika chumba cha dobi cha hospitali. Mikono yake ilinuka sabuni hata siku za mapumziko.

Jumamosi asubuhi Bi Daftari alivaa sketi ya kaki na skafu ya bluu, akaenda kwenye ukumbi ulioko nyuma ya shule, walikokutana wasichana wa chama cha skauti. Kiongozi wao alikuwa muuguzi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Hakuna aliyemwita kwa jina. Wote walimwita Sista. Aliwafundisha kufunga mafundo, kufunga bandeji, kuwasha moto kwa kijiti kimoja cha kibiriti. Msichana aliyekamilisha fungu la kazi katika kitabu chao alipewa beji ya kushona kwenye mkono wa blauzi.

Mwaka ule ikaja barua kutoka makao makuu. Kitabu kipya kimechapishwa. Beji mpya zimeingia: ya biashara ndogo, ya kompyuta, ya upigaji picha. Nyingine zimeondolewa, na ya kwanza katika orodha ya zilizoondolewa ilikuwa beji ya uraia, "kwa kuwa haina mvuto kwa wasichana wa leo." Aliyekwisha kuianza angeruhusiwa kuimaliza kabla mwaka haujaisha.

"Nani ameianza?" Sista aliuliza.

Mkono mmoja ukanyooka. Wenzake wakacheka, maana wote walijua utakuwa wa nani.

"Wameistaafisha?" Babu alisema jioni aliposimuliwa. "Kwani ilikuwa ikifanya kazi ofisi gani?"

"Babu, si mtu. Ni kitambaa tu."

"Basi imenishinda. Kitambaa kinastaafu, na mimi bado naketi hapa na nyundo."

Bi Daftari hakuifuata beji ile kwa sababu ya kitambaa. Aliipenda kwa kuwa kazi zake zilikuwa za kuulizauliza, na kuuliza ndiko kulikokuwa mchezo wake. Alikwenda mpaka kwenye mitambo ya maji akaambiwa bomba la mtaa wao linaanzia wapi. Alimfuata mfagia barabara asubuhi nzima. Alimsindikiza bibi kipofu kwenda kupiga kura, akamsubiri mlangoni bila kumuuliza amemchagua nani, kama kitabu kilivyoagiza. Zikabaki kazi mbili: kuhudhuria kikao cha baraza la mji tangu mwanzo hadi mwisho na kuandika yaliyosemwa, halafu kumweleza mtu mzima wa nyumbani kwake alichojifunza.

Kikao kiliangukia Alhamisi moja ya likizo. Mlinzi wa mlangoni alimtazama toka skafu hadi viatu.

"Umetumwa na nani, mwanangu?"

"Sikutumwa. Nimekuja kusikiliza."

"Kusikiliza nini?"

"Baraza."

Mlinzi akacheka kwa wema, akatoa kitabu cha wageni akakipangusa vumbi. Mtu wa mwisho kutia sahihi alikuja miezi saba nyuma. Akamwonyesha mabenchi ya wananchi, nyuma kabisa, safu nne za mbao zisizo na mtu. Bi Daftari akaketi ya mbele, akafungua daftari, akaandika tarehe.

Madiwani walikuwa kumi na tisa. Mmoja alitafuna pipi tangu sala ya kufungulia mpaka ajenda ya sita. Mwingine alilala, lakini kila walipoambiwa wanyooshe mikono alinyoosha wake bila kufumbua macho, na Bi Daftari akaliandika hilo pia. Walizungumzia madawati, mbwa wasio na wenyewe, choo cha soko. Ajenda ya tisa ilikuwa upanuzi wa barabara ya ghala. Ofisa wa mipango miji akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma bei: nyumba kumi na moja upande wa kushoto, kuanzia kibanda cha kinyozi hadi ukuta wa ghala, zimo ndani ya eneo la barabara, zitaondolewa.

Mkono wa Bi Daftari uliandika yote kabla kichwa chake hakijafika. Alipoandika "ukuta wa ghala" kalamu ikasimama. Kinyozi alikuwa nyumba ya kwanza. Ya pili mshona mito, ya tatu fundi redio. Ya nne ilikuwa yao.

"Wanaokubali?" akauliza mwenyekiti.

Mikono kumi na minane ikapanda, na wa yule aliyelala ukafuata. Haikuchukua muda wa kumenya chungwa.

"Pingamizi zipokelewe ndani ya siku thelathini," mwenyekiti akamalizia, "kwa maandishi, kila nyumba na yake, zikiwa na sahihi au dole gumba la mwenye nyumba. Katibu abandike tangazo. Ajenda ya kumi."

Bi Daftari alitaka kusimama aseme kitu, akakumbuka kwamba wa mabenchi ya nyuma haruhusiwi kusema. Kitabu cha beji kilimtaka akae hadi mwisho. Akakaa, akaandika ajenda ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili, machozi yakimdondokea kwenye karatasi na kuvimbisha wino. Alipotoka alilitafuta tangazo, akalikuta limeshabandikwa kwenye ubao wa ukumbi wa kuingilia. Mlango mkubwa ulipofunguliwa wazi ulilifunika lote. Na mchana ule mlango ulikuwa wazi.

Alikimbia njia nzima. Babu alikuwa kwenye benchi lake mbele ya nyumba, kiatu cha mtu mapajani na misumari mitatu mdomoni.

"Babu, wanavunja nyumba yetu."

Babu akatoa misumari, mmoja mmoja. "Nani?"

"Baraza. Wamepiga kura. Barabara inapanuliwa."

"Inapanuliwa? Imekula nini hata inenepe?"

Kinyozi, aliyekuwa amekuja kuazima koleo, akaangua kicheko. Bi Daftari akawasomea daftari lake tangu ajenda ya tisa ilipoanza, neno kwa neno. Kicheko cha kinyozi kikapungua, lakini hakikukoma kabisa. "Barabara hii imepanuliwa kwa mdomo tangu nina nywele," alisema. "Tutazeeka nayo hivi hivi."

"Babu, tukiandika pingamizi ndani ya siku thelathini watatusikiliza. Wewe ndiye mwenye nyumba. Ni dole gumba lako tu."

Hapo uso wa Babu ukakunjana. Alilitazama lile daftari kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumuuma.

"Mimi sitii dole," alisema.

Jambo hilo alilijua kila mtu wa nyumba ile, ingawa halikuwa likisemwa mara kwa mara. Babu alipokuwa kijana alikuwa na kibanda chake karibu na stesheni, mahali pa viatu vingi na wateja wenye haraka. Siku moja walikuja watu wawili na karatasi. Walimwambia ni ya kuomba paa jipya. Mmoja akamshika mkono, kwa upole, kama daktari anavyomshika mgonjwa, akakibonyeza kidole chake kwenye wino na kukihamishia kwenye karatasi. Mwezi uliofuata akaambiwa kibanda amekitoa mwenyewe, kwa hiari yake. Hii hapa alama ya dole lako, bwana, unabisha nini? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Babu alikula yamini kwamba kidole chake hakitagusa karatasi tena, ya serikali wala ya mtu binafsi, na kwa miaka arobaini hakikugusa.

"Dole hili lilininyang'anya kibanda," alisema. "Halitaninyang'anya nyumba."

"Lakini hii ni kinyume chake, Babu. Hii ni ya kukataa."

"Hata ile waliniambia ni ya paa."

Bi Daftari hakufa moyo. Sista alimsaidia kupanga maneno ya pingamizi, akayanakili mara kumi na moja kwa mwandiko wake bora, kila nyumba na karatasi yake, akapita mlango kwa mlango. Wengine walimpa pole, wengine wakampa maji ya kunywa. Mmoja alimwambia akacheze na wenzake. Mwishowe walitia sahihi wanne: mshona mito, ambaye alikuwa mjane na alishazoea habari mbaya; fundi redio; mama mmoja mwenye mapacha; na kinyozi, ambaye alisaini huku akikonyeza jicho, akasema, "Haya, mheshimiwa, nimekupa kura yangu." Bi Daftari akazipeleka karatasi masjala ya baraza, akasubiri zigongwe muhuri wa kupokelewa, akarudisha nakala kwa kila mwenye yake.

Ya nyumba ya nne ilibaki kwenye daftari.

Mama alijaribu, kwa namna yake. Alisubiri mkwewe amalize kula, akaketi chini kwenye mkeka, akaanza, "Baba, mtoto ana neno ambalo huenda..."

"Nimelisikia neno la mtoto."

"Ndiyo, baba," Mama akasema, akanyanyua sahani. Bi Daftari alimkasirikia siku tatu. Alikuwa bado mdogo kujua ugumu wa kumsukuma mzee ambaye angeweza kukufukuza siku aliyomzika mwanawe, naye badala yake alikutandikia chumba cha mbele.

Sista naye alikuja, siku ya ishirini na moja, amevaa viatu vilivyochakaa kisigino makusudi ili apate sababu ya kuketi. Babu alivipokea, akavitazama, akavipiga visigino vipya. Alimsikiliza mgeni hadi mwisho, kwa adabu.

"Mzee wangu," Sista alisema, "nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na minne. Mimi mwenyewe nimeisoma karatasi hii. Nakuhakikishia."

"Nakuamini, Sista. Karatasi ndiyo nisiyoiamini."

Akamvisha kiatu mwenyewe, akiwa amepiga goti. Sista akaondoka na visigino vipya, jibu hana.

Siku ya ishirini na nane ilikuwa ya joto la kutotoa vifaranga. Baada ya chakula cha mchana, Babu alisinzia kwenye benchi lake kama kawaida, mgongo ukiegemea ukuta, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa amekatiza kazi ya kupaka kiwi jozi ya viatu vyeusi vya mwalimu mkuu. Mkono wake wa kulia ulilala juu ya goti, kiganja juu, na kidole gumba kilikuwa cheusi tii, kimelowa kiwi mbichi.

Bi Daftari alikuwa ametoka dukani. Alisimama mbele yake. Barabarani hapakuwa na mtu. Akafungua daftari, akatoa ile karatasi. Mahali pa dole palikuwa chini, upande wa kulia, ndani ya kisanduku alichokichora mwenyewe kwa rula. Hakuhitaji hata wino. Ilikuwa ni kuinama tu na kuigusisha karatasi, ikiguswa imekwisha, na kabla ya saa tisa angekuwa masjala.

Akainama. Aliinama hata akasikia pumzi ya mzee, inayotoka kwa mluzi mdogo. Karatasi ilikuwa imebakiza upana wa ukucha kufika kwenye kidole. Akakiona kile kidole vizuri: ufa wa sindano ya zamani, ukucha mnene, mistari ya ngozi iliyojaa weusi. Na akawaona wale watu wawili wa stesheni, ambao hakuwahi kuwaona, wameshika mkono huu huu kwa upole.

Akajiinua. Akaikunja karatasi mara nne, akaketi kwenye kigoda cha wateja.

Babu alipoamka alimkuta pale. "Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Na leo huandiki?"

"Leo hakuna cha kuandika."

Babu akakitazama kidole chake, akakipangusa kwa tambara, akaendelea na viatu vya mwalimu mkuu. Siku ya ishirini na tisa ikapita, na ya thelathini nayo ikapita. Ilikuwa Jumamosi, wasichana walijifunza kupiga picha.

Wiki mbili baadaye walikuja vijana na ndoo ya rangi nyekundu. Walichora alama ya X kwenye ukuta wa kinyozi, wa mshona mito, wa fundi redio, na walipofika kwa Fundi Soli waliichora juu kidogo ya kichwa chake, maana alikataa kuondoka kwenye benchi. Walipokwenda, Babu alichukua tambara na mafuta ya taa akaanza kusugua. Rangi haikutoka, ikasambaa tu, ukuta mzima ukawa mwekundu. Alisugua hadi Mama aliporudi kazini akamshika kiwiko, akasema, "Baba. Baba, inatosha."

Kesho yake alivaa viatu vyake vya sikukuu, vile alivyovishona mwenyewe na kuvivaa mara mbili tu, akamwambia Bi Daftari, "Nipeleke kwa watu wako."

Masjala, karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alifungua jalada, akapitisha kidole kwenye orodha.

"Mzee, hapa kuna pingamizi nne. Yako haimo."

"Ndiyo nimekuja nayo sasa. Niwekee hapo wino."

Bi Daftari alimgeukia babu yake. Mzee alikuwa ameshanyoosha kidole juu ya kaunta, kimesimama peke yake.

"Muda umepita, mzee wangu. Umepita siku kumi na sita."

"Mimi sikuambiwa."

"Tangazo lilibandikwa."

"Wapi?"

Karani akatoka nyuma ya kaunta, akawapeleka ukumbi wa kuingilia, akausukuma mlango mkubwa kando. Tangazo lilikuwepo, pembe moja imejikunja.

"Mimi sisomi," Babu alisema.

"Pole, mzee. Lakini nyumbani kwako hakuna mtu anayesoma?"

 Babu alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa amelikumbatia daftari kifuani, kisha akatazama chini, kwenye viatu vyake vizuri.

"Yupo," alisema.

Wakaondoka. Kwenye kona Babu alisema viatu vinambana, akavivua, akatembea peku mbele ya watu hadi nyumbani.

Zile pingamizi nne zilisikilizwa. Barabara haikusogezwa hata hatua, lakini wale wanne walipewa viwanja vingine karibu na soko jipya, na muda wa miezi sita wa kujenga. Waliobaki walipata fidia ya kuta na mabati tu, na wiki tatu za kuhama. Kinyozi alikuja kumuaga Fundi Soli lakini hakujua aweke wapi mikono yake. "Wallahi, mzee mwenzangu, mimi nilisaini kwa mzaha," alisema. "Ili mtoto asijisikie vibaya."

"Mzaha wako una akili kuliko ukweli wangu," Babu akamjibu, na kinyozi hakuweza kucheka.

Tingatinga lilikuja Jumatatu, wao wakiwa wameshahama. Mama hakumruhusu Bi Daftari kwenda kutazama, na yeye mwenyewe alikuwa kazini. Babu alikwenda peke yake. Alirudi na kitasa cha mlango wa mbele, akakiweka juu ya kabati.

Makazi mapya yalikuwa vyumba viwili upande wa pili wa mji, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, mahali ambapo jua liliingia nusu saa tu. Babu aliweka benchi lake mlangoni. Lakini njia ile haikupita mtu, ila wachomeleaji, na wao walivaa makubadhi ya mpira ambayo yakikatika hutupwa. Siku nzima ikapita, ikafuata nyingine, wiki. Aliendelea kutoka kila asubuhi na kupanga vifaa vyake: nyundo, koleo, sindano, kiwi. Saa sita mchana alivipanga upya.

Kazi ya mwisho ya beji, ya kumweleza mtu mzima alichojifunza, Bi Daftari aliifanya na Mama, siku ya Jumapili, wakikunja nguo. Alieleza baraza linavyokaa, nani anapendekeza, nani anapiga kura, mwananchi afanye nini asiporidhika. Mama alisikiliza yote. Mwisho akauliza, "Na mwananchi akiwa amefanya yote hayo?" Bi Daftari akapekua kitabu, hakikusema. Mama akatia sahihi.

Sista aliandikia makao makuu kuomba beji moja. Iliyokuja ilikuwa bahasha nene. Ndani mlikuwa na beji saba, za kijani iliyopauka, na kikaratasi: hizi ndizo zilizobaki ghalani, zilizozidi mzitumie mnavyoona inafaa. Katika ukumbi wasichana walipanga mstari. Wengine walipokea beji mpya za kompyuta zenye uzi unaong'aa, na zamu ya Bi Daftari ilipofika Sista alimbandika ya kijani, akampa mkono, akamshikilia muda mrefu kuliko wengine.

"Ulifanya haki," alimwambia kwa sauti ndogo. Alikuwa mtu pekee aliyesimuliwa habari ya mchana ule wa kiwi. "Usije ukajidanganya kwamba hukufanya haki."

"Ndiyo, Sista."

Lakini njia nzima ya kurudi, safari ya saa moja sasa, beji ilimwasha mkononi. Alimkuta Babu kwenye benchi, akiutazama ukuta wa karakana.

"Ndiyo hiyo iliyostaafu?" aliuliza.

"Ndiyo hii."

Akaishika kwa ncha za vidole, akaipima ushonaji wake. "Uzi mzuri. Siku hizi hawatumii uzi huu." Kisha akaiachia.

Bi Daftari akaketi kwenye kigoda. Hakukusudia kusema, ila maneno yalitoka yenyewe. "Babu, siku ya ishirini na nane ulikuwa umelala. Kidole chako kilikuwa na kiwi. Nilisimama mbele yako, karibu hivi, na karatasi mkononi. Nilitaka kubonyeza. Sikubonyeza."

Cheche za wachomeleaji zilimulika ukuta, zikazima, zikamulika tena. Babu akamgeukia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema hutaki."

Babu akakigeuza kidole gumba chake, akakitazama mbele na nyuma. Kilikuwa safi. Kwa miezi miwili hakikuwa kimegusa kiwi.

"Ungebonyeza, mjukuu wangu," alisema. "Ungebonyeza tu."

Kisha akaona uso wa mtoto, akanyoosha mkono haraka akamvuta kichwa kwenye bega lake, akasema, "Hapana, hapana. Usinisikilize. Mzee mpumbavu huyu, usimsikilize." Wakalia wote wawili pale, mlangoni, na wachomeleaji wakazima mashine zao kwa heshima ingawa hawakujua kuna nini.

Babu hakuukamilisha mwaka. Kifua kilianza na baridi ya vyumba vile, kikapanda kuwa homa ya mapafu, kama ya mwanawe. Sista alikuja kila jioni kumsikiliza mapafu kwa kifaa chake cha zamani. Babu alifariki Jumanne mchana, Mama akimpangusa paji la uso kwa kitambaa cha hospitali.

Wiki iliyofuata Mama na Bi Daftari walikwenda kusajili kifo. Mama alitaka kumwachia karani ajaze fomu, Bi Daftari akasema ataijaza mwenyewe. Akaandika jina kamili la babu yake, ambalo hakuwa amewahi kuliandika lote. Akaandika kazi: fundi viatu. Palipoulizwa mahali alipozaliwa, akaandika mtaa wao na namba ya nyumba.

Karani, mama wa dirishani, aliipokea, akaanza kuiingiza kwenye kompyuta. Akasimama.

"Mtaa huu haumo kwenye orodha yangu," alisema. "Pale si barabara tupu? Nikuwekee mtaa wa jirani?"

"Alizaliwa hapo," Bi Daftari alisema.

"Naelewa, mwanangu, lakini mashine haiukubali."

"Basi uandike kwa mkono."

Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu, na mtu mmoja akaguna. Mama akamshika binti yake bega, kana kwamba atamwondoa, kisha akaacha mkono ukae pale pale. Yule mama wa dirishani akashusha pumzi, akavuta rejista kubwa ya zamani kutoka chini ya meza, akaifungua, akatafuta kalamu.

"Haya," alisema. "Nitajie, herufi moja moja."

Bi Daftari akasogea karibu na kioo, akaanza kumtajia.